Paka Aliyeacha Kula: Tathmini ya Kliniki Moja ya Wanyama Iliyopo Nyakato, Mwanza

Kaniki ni paka dume aliyehasiwa, mwenye umri wa miaka sita, mweusi tii kama ile nguo ya bibi zetu iliyompa jina. Tunaishi Kitangiri, mahali ambapo harufu ya samaki wa soko la Mwaloni hutufikia kila upepo unapotoka ziwani, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akikataa chakula. Jumatatu moja ya mwezi wa pili alikisogelea kisahani chake, akakinusa, akarudi nyuma hatua mbili, kisha akaketi akikitazama. Kufikia Ijumaa alikuwa hajatia kitu tumboni kwa hiari yake isipokuwa maji kidogo, na siku hiyo ndipo nilipompeleka katika kliniki ninayoitathmini hapa, iliyopo Nyakato kando ya barabara iendayo Musoma. Sitaandika jina lake, kwa sababu daktari mwenyewe aliniomba nisilitangaze: vizimba vya kulaza paka ni vinne, wahudumu ni watatu, na mara nyingi vizimba hivyo vimejaa.

Nilikuwa nimekwisha kupoteza siku. Jumatano nilikuwa nimemtia kikapuni nikaenda naye kwenye duka la dawa za mifugo lililo karibu na njia yangu ya kazini. Muuzaji alimtazama kupitia matundu ya kikapu, akasema, “Mama, huyo ana homa tu, nikimchoma hii atakula,” akampiga sindano ya antibayotiki bila kumpima joto, bila kumgusa tumbo wala kumfungua mdomo. Nililipa shilingi 8,000 nikarudi nyumbani nikiwa na matumaini. Ninalisimulia jambo hili kwa kuwa wengi wetu Mwanza huanzia hapo, na kwa kuwa sifa kubwa ninayoipa kliniki ya Nyakato inatokana na tofauti hiyo moja: pale mnyama hushikwa kwanza, na dawa hutajwa baadaye.

Tulifika saa tatu asubuhi. Daktari, kijana mpole aliyeniamkia kabla hata sijaketi, hakuuliza mara moja paka anaumwa nini. Aliuliza alikula nini mara ya mwisho, lini, na nani alimwona akila. Nilikumbuka kwamba Jumapili jioni nilimpa kichwa cha sato kilichobaki kwenye sufuria. Aliuliza pia kama nimemwona akikuna shavu kwa mguu wa mbele au akitokwa na ute mdomoni. Nilikuwa nimeyaona yote mawili tangu Jumatatu, nikadhani ni uchungu wa njaa. Akaandika, kisha akampandisha mezani.

Mizani ilisoma kilo 5.1. Kadi yake ya chanjo, niliyokuwa nimeibeba kwa bahati, ilionyesha kilo 5.8 miezi mitatu kabla. Kipimajoto kilisoma nyuzi 38.6, na daktari akanigeuzia nikione mwenyewe, akaeleza kuwa joto la kawaida la paka ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 hivi, juu kidogo ya letu sisi wanadamu, kwa hiyo ile “homa” ya Jumatano huenda haikuwapo kabisa. Alivuta ngozi ya katikati ya mabega, nayo ikachelewa kurudi mahali pake. Hiyo ni dalili ya mwili kupungukiwa maji. Alimpapasa tumbo polepole akikitafuta kibofu, kwa sababu paka dume anaweza kuacha kula kwa kuwa mkojo umeziba, na hali hiyo huua ndani ya siku moja au mbili. Kibofu kilikuwa kidogo na laini. Akamwinua midomo kuangalia fizi, akamsogeza dirishani, na hapo alinyamaza kidogo. Paka mweusi haonyeshi manjano, ile rangi inayoashiria kwamba ini linasumbuka, kwenye masikio kama paka mweupe. Ilibidi tuangalie fizi na weupe wa macho. Palikuwa na rangi hafifu sana, kama ya karatasi iliyokaa miaka mingi kabatini, ambayo mimi nisingeiona hata kidogo kama nisingeonyeshwa.

Kisha akamfungua mdomo. Mkono wa kushoto ulikishika kichwa kwa juu, kidole gumba na cha shahada vikiwa nyuma ya chonge, na kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia akaishusha taya ya chini huku msaidizi akimulika kwa tochi. Harufu iliyotoka ilinijulisha kwamba nimechelewa. Kaniki alipigana, mdomo ukafungwa, na daktari hakulazimisha. Alinieleza kwamba angempa dawa ya usingizi kidogo ili aangalie vizuri, akanitajia gharama na hatari zake, akasubiri nikubali. Niliruhusiwa kubaki chumbani. Paka alipolegea, daktari aliinua ulimi kwanza na kuangalia chini yake. Nilipouliza anatafuta nini, alisema uzi. Katika nyumba za kandokando ya ziwa, paka humeza nyuzi za nyavu zenye harufu ya samaki. Uzi hujifunga kwenye shina la ulimi, ncha ya pili ikateremka tumboni, na utumbo ukajikunja juu yake kama kitambaa kilichovutwa uzi. Aliniasa kwamba nikiuona uzi wa namna hiyo siku yoyote, mdomoni au nyuma, nisiuvute kamwe, kwa maana unaweza kuukata utumbo kwa ndani.

Hapakuwa na uzi. Palikuwa na mfupa. Ulikuwa umelala kimshazari juu ya kaakaa, umebana kati ya magego ya upande huu na ya upande ule kama kijiti kilichokazwa mlangoni, na nyama ya pembeni ilikuwa imevimba hata ikaanza kuufunika. Daktari aliushika kwa kibano upande mmoja, akauzungusha badala ya kuuvuta, nao ukaachia kwa mlio mdogo nilioweza kuusikia nikiwa nimesimama karibu na mlango. Haukufika nusu ya urefu wa kidole changu cha mwisho. Chini yake palibaki kidonda kirefu chenye usaha. Kitu hicho kidogo ndicho kilichokuwa kikimzuia kula kwa siku tano, na dakika moja ya tochi siku ya Jumatano huenda ingetosha kukiona.

Ningetarajia kazi iishie hapo, lakini daktari alinikalisha chini na kunieleza jambo ambalo kila mfuga paka anapaswa kulijua. Mbwa anaweza kushinda njaa siku kadhaa akarudia chakula kama kawaida. Paka hana maumbile hayo. Mwili wa paka umeumbwa kuishi kwa nyama, na anapokosa kula, mafuta yaliyohifadhiwa mwilini humiminika kwenye ini kwa wingi kuliko uwezo wa ini kuyashughulikia. Ini hujaa mafuta, hushindwa kufanya kazi, manjano hutokea, paka hupata kichefuchefu, na kichefuchefu humfanya azidi kukataa chakula hata kama chanzo cha kwanza kimekwisha kuondolewa. Hali hiyo inaweza kuanza baada ya siku mbili au tatu tu bila chakula, na walio katika hatari kubwa zaidi ni paka wanene, ambao sisi huwahesabu kuwa wana akiba. Kaniki alikuwa mnene. Nilikuwa nikijisemea moyoni kwamba unene huo utamsaidia.

Ndiyo sababu alilazwa. Aliwekewa dripu yenye potasiamu, akapewa dawa ya maumivu inayofaa paka, dawa ya kidonda na dawa ya kuzuia kichefuchefu. Wakati bado amelegea alitiwa tone la ganzi puani, kisha mpira mwembamba wa kulishia, wa aina ileile inayotumika kwa watoto wachanga hospitalini. Daktari aliupima kwa nje kwanza, kuanzia puani hadi ubavuni, akautia alama kwa plasta ili ajue mahali pa kukomea, na hakuruhusu chakula chochote kipite humo mpaka paka alipozinduka kabisa na mpira ukahakikiwa kuwa haukuingia njia ya hewa.

Karatasi aliyoibandika juu ya kizimba ninayo hadi leo. Imeandikwa kwamba paka wa kilo 5.1 anahitaji takriban kilokalori 240 kwa siku akiwa ametulia, lakini siku ya kwanza apewe 80, siku ya pili 160, na siku ya tatu ndipo afikishiwe zote, kila kiasi kikigawanywa katika milo sita. Niliuliza kwa nini mgonjwa mwenye njaa anapunjwa. Nilijibiwa kwamba mwili uliokaa bila chakula ukipakiwa ghafla huvuruga chumvi za damu, na paka anaweza kufa kwa kushibishwa. Chakula chenyewe kilikuwa cha kopo, kilichosagwa kwa maji, kikachujwa mara mbili kwa kitambaa na kupashwa hadi kufikia joto la mwili, kisha kikasukumwa kwa bomba la sindano polepole mno, na maji safi yakapitishwa kabla na baada yake. Nilimwona dada msaidizi akiifanya kazi hiyo Jumamosi asubuhi. Kwa mlo mmoja alitumia karibu robo saa, akimwimbia paka kwa Kisukuma kwa sauti ya chini, na alipoona Kaniki analamba midomo mara kwa mara alisimama, akaeleza kuwa hiyo ni dalili ya kichefuchefu, akangoja itulie ndipo akaendelea. Sijapata kuona uvumilivu wa namna hiyo katika huduma yoyote niliyoilipia hapa mjini.

Nilikiri kwa daktari kwamba Alhamisi nilimshika Kaniki kwa nguvu na kumnywesha uji kwa kijiko. Hakunikaripia. Aliniambia kwamba kumimina kitu kinywani mwa paka asiyetaka kumeza kunaweza kupeleka chakula mapafuni, na tena humfanya mnyama akichukie chakula hicho kwa kukihusisha na mateso. Nilimwuliza pia kuhusu parasetamoli, kwa kuwa jirani yangu alikuwa amenishauri nimpe nusu kidonge ili kushusha homa, nami nilikuwa nimekwisha kukivunja. Hapo sauti yake ilibadilika. Ini la paka halina njia ya kuivunja dawa hiyo kama letu linavyofanya. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua, damu ikigeuka rangi ya hudhurungi na kushindwa kubeba hewa. Nashukuru kile kipande kilibaki juu ya kabati.

Sasa niseme yaliyonisumbua, maana si yote yaliyokuwa mazuri. Kliniki haina mashine ya eksirei, na kama mfupa ungekuwa umeshuka kooni au tumboni, sijui tungefanyaje asubuhi ile. Damu ya kupima ini haipimwi pale. Ilichukuliwa Ijumaa mchana ikapelekwa maabara nyingine mjini, na majibu, yaliyothibitisha kwamba bilirubini, ile rangi ya manjano katika damu ambayo ini hupaswa kuiondoa, imepanda, yalirudi Jumamosi saa nane. Daktari hakuyasubiri ili aanze matibabu, na alifanya vyema, lakini mwenye paka hubaki na wasiwasi usiku kucha. Benchi la kusubiria ni moja kwa mbwa na paka. Jumatatu nilimkuta mama mmoja ameukumbatia mfuko uliokuwa na paka aliyekuwa akitetemeka, huku mbwa mkubwa wa ulinzi akibweka hatua moja kutoka hapo. Shuka moja ya kutenganisha benchi hilo ingetosha. Simu ya kliniki niliipiga mara tatu Jumapili usiku bila kupokelewa, ingawa nilikuwa nimeambiwa kwamba kuna mtu anayelala pale. Kesho yake walieleza kuwa mlinzi ndiye hulala, naye hana ruhusa ya kutoa taarifa za mgonjwa. Jambo hilo lilipaswa kusemwa tangu mwanzo. Daktari hufunga saa kumi na mbili jioni, na baada ya hapo huitwa tu ikiwa mlinzi ameona hatari.

Kuhusu fedha, nilitakiwa kutanguliza shilingi 100,000, na nyingine nikalipa kwa simu siku ya kuondoka. Kumwona daktari ni 15,000. Usingizi, kuondoa mfupa na kuweka mpira ni 90,000. Vipimo vya damu ni 45,000. Kulazwa ni 20,000 kwa kila usiku, kwa hiyo 80,000 kwa usiku nne. Na dawa za kwenda nazo nyumbani 28,000. Jumla ni 258,000, na kila kipengele kiliandikwa kwenye risiti. Si fedha ndogo kwa mshahara wangu. Hata hivyo hakuna shilingi niliyoona imetozwa kwa kitu ambacho sikuelezwa kabla, na kila nilipouliza kama kuna njia ya gharama nafuu zaidi, nilijibiwa bila kudharauliwa.

Ukutani pana cheti cha usajili cha daktari kutoka Baraza la Veterinari, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Nawashauri wenzangu wakitafute cheti cha namna hiyo popote waendapo na mnyama mgonjwa, kwa kuwa muuzaji wa duka la dawa anaweza kuwa mtu mwema na mwenye uzoefu wa ng'ombe na kuku, na bado asiwe daktari.

Jumapili asubuhi Kaniki alilamba mchuzi wa kopo kwenye kidole cha dada msaidizi. Jumatatu alikula vijiko viwili mwenyewe, akiinamisha kichwa upande mmoja ili asigusishe kidonda. Mpira uliachwa puani mpaka Jumanne mchana, daktari alipojiridhisha kwamba anaweza kula zaidi ya nusu ya mahitaji yake bila kusaidiwa. Alinieleza kuwa tulibahatika kwa sababu ini lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kuelemewa. Likikwisha kujaa, paka hulishwa kwa mpira wiki kadhaa, na wengine hawavuki.

Kabla ya kutuaga aliuliza tena kuhusu chakula chake cha kila siku, na nilipomjibu kuwa ni dagaa, mara wakavu, mara wabichi kutoka Mwaloni, alichukua muda kunieleza. Baadhi ya samaki wa maji baridi, wakiliwa wabichi, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Paka anayelishwa samaki hao pekee kwa muda mrefu huishiwa vitamini hiyo, na dalili ya kwanza huwa kupoteza hamu ya kula, kabla ya shingo kulegea na kifafa kuanza. Kupika huua kimeng'enya hicho. Basi dagaa wa Kaniki sasa huchemshwa bila chumvi wala kitunguu, huchanganywa na maini au nyama ya kuku mara kadhaa kwa wiki, na vichwa vya sato vimekoma nyumbani kwangu.

Marudio ya kwanza yalikuwa baada ya siku saba. Daktari alifungua mdomo kabla ya kupima uzito, akanionyesha kidonda kikiwa kimebaki mstari mwembamba wa waridi, kisha akamsogeza kwenye dirisha lilelile na kuangalia macho. Yalikuwa meupe. Mizani ilisoma 5.3. Marudio ya pili, wiki mbili baadaye, ilisoma 5.5, na daktari akasema tuishie hapo, tusimrudishe kwenye ule unene wa zamani. Marudio yote mawili hayakutozwa chochote. Chanjo yake ya kichaa cha mbwa imeandikwa kwenye kadi kwa mwezi wa kumi na moja, na nitampeleka palepale, asubuhi na mapema kabla benchi halijajaa.